Tuliuliza Kabla ya Kufukia

Nimesikia siku hizi mnafukia bila kuuliza. Aliyeniambia ni mmoja wenu, simtaji. Alikuja kunisalimia hapa nyumbani Ganako na mkate na sukari, akakaa, akanywa chai, akaropoka. Nilimwuliza tu, "Na pale shimoni mnaendeleaje?" Akasema, "Tunafukia tu, Mama Aika. Kazi ni nyingi, lile swali lenu tumeliacha, la kizamani." Halafu akaongeza kwamba juzi kuna mgeni amerudisha kinyago alichonunua zamani sana, sikio lake lina pengo, na nyie mmekitupia shimoni kipate rangi upya. Kikombe nilikiweka chini. Mwenzenu nilimsindikiza vizuri, adabu ni adabu, kisha nikamwomba mjukuu kalamu na karatasi.

Najua mtu akistaafu watu hutegemea aandike alipanda cheo lini. Mimi sikupanda popote. Niliingia karakana ile mzeeshaji, mtu wa kukifanya kinyago kipya kionekane cha kale, nikatoka mzeeshaji, na katikati nikazeeka mwenyewe bila kupakwa kitu. Siku ya kuniaga mlinipa kitenge na saa ya ukutani. Kitenge nashukuru, saa inakimbia.

Nilifika Karatu kutoka Machame nikiwa mke wa dereva wa watalii. Mume wangu alikuwa akipandisha wageni kreta alfajiri na kurudi jioni amejaa vumbi mpaka kwenye kope, na mimi nikachoka kukaa nyumba ya kupanga nikihesabu mabati. Nikaenda kuomba kazi pale dukani kwa vinyago, barabara ya kwenda geti la hifadhi. Nilitaka kuuza. Bosi akaniuliza, "Kiingereza unajua?" Nikasema kidogo. "Kidogo kiasi gani?" Nikamjibu naweza kukubali na kukataa. Akacheka, akaninyooshea kidole mlango wa nyuma.

Huko nyuma ndiko nilikomkuta Fundi Tluway. Alikuwa Mmbulu wa Endamarariek, mrefu, mikono mikubwa, maneno machache. Yeye ndiye aliyekuwa akichonga, na mtu aliyekuwa akimzeeshea vinyago alikuwa ameondoka kwenda kulima vitunguu. Hakuniuliza natoka wapi. Alinipa mpini wa jembe la zamani, akasema, "Shika." Nikashika. "Umechakaa wapi?"

"Hapa, mkono unaposhika."

"Basi uzee unaanzia hapo," akasema. "Mjinga anapaka kinyago chote rangi nyeusi akidhani ndiyo uzee. Huo ni uchafu."

Hilo ndilo somo la kwanza, na msije mkalisahau. Kinyago kinazeeka kwenye ncha ya pua, pembeni mwa masikio, na pale nyuma kidole gumba kinapokaa mtu akikiinua. Mashimo ya macho yabaki na giza, kwa sababu hakuna anayeyagusa. Unaanza na chai ya rangi, kali, ya kuchemshwa mpaka inanata. Ikikauka unapitisha msasa, unapaka dawa ya viatu, unafuta, unapaka tena. Kisha moshi wa mavi ya ng'ombe, taratibu, moto usionekane. Mwisho shimo. Udongo wetu mwekundu, samadi na majivu, unanyunyiza maji, unafukia, unasubiri. Kinyago kikitoka hapo hata aliyekichonga anakiamkia.

Kwa taarifa yenu, Wambulu hawana desturi ya vinyago. Wamasai hawana. Sisi Wachaga ndiyo kabisa, tuna ndizi. Lakini mgeni akishuka kwenye gari anataka kinyago, tena cha kale. Bosi alibandika kibao kimeandikwa "mtindo wa kale", na mimi mgeni akiniuliza usoni nilikuwa namwambia hiki ni kipya. Wengi walikuwa hawaulizi. Mtu akipenda kitu hataki kuulizauliza.

Sasa mniulize nyuso zile Fundi alikuwa akizitoa wapi. Wageni walimwuliza kila siku, na mwongozaji akamsemea kwamba anaota, au mizimu inamletea. Mizimu gani! Alikuwa akizitoa mnadani. Kila mnada wa Karatu ukifika, Fundi anavaa koti, anakwenda kukaa karibu na wachoma nyama, na kazi yake siku nzima ni kuangalia watu. Akirudi anakuwa amejaa. "Pua nimeipata kwa Mdatoga aliyeleta mbuzi," ananiambia. "Midomo ya yule mama wa vitunguu. Paji la uso nimelichukua kwa konda mmoja mgomvi." Anavichanganya, na kinatoka kitu ambacho unahisi umewahi kukutana nacho mahali, lakini hujui ni wapi.

Mtu mmoja hakumchukua mzima hata siku moja. Nilipomwuliza kwa nini, akanijibu bila kuinua kichwa, "Kwa sababu kinakwenda shimoni." Nikamwambia sijaelewa. Akaacha tezo. "Mama Aika, wewe ungependa uso wako ufukiwe ukiwa bado unapumua?" Sikumwuliza tena.

Ndiyo maana ya lile swali mnaloliita la kizamani. Mfukiaji anakilaza kinyago shimoni, chali, kisha anamwuliza mchongaji, "Wa nani huyu?" Mchongaji anajibu, "Si wa mtu." Udongo unaingia. Siku yangu ya kwanza nilicheka. Fundi hakucheka. Alinisubiri nimalize, akaniambia niulize upya.

Siku moja niliuliza, akanyamaza. Alisimama pale ukingoni akikiangalia kinyago, mimi na koleo langu. Akasema, "Kitoe." Nikakitoa. Kumbe bila kujua alikuwa amemchonga yule baba aliyekuwa akiuza miwa ng'ambo ya barabara, mzima mzima, na kidevu chake. Fundi alikaa akakiparura kidevu mpaka kikawa cha asiye mtu. Kuanzia hapo swali nililiuliza kwa sauti, na jibu likichelewa mkono wangu ulikuwa tayari kutoa.

Fundi na mkewe, Mama Emanueli, walikuwa na mtoto mmoja tu, huyo Emanueli. Alikuwa kijana mkubwa wa kujitegemea ingawa bado alilala kwao, mcheshi, fundi wa mabomba katika hosteli moja kule juu ukingoni mwa kreta. Akipita karakana alikuwa akivaa kinyago na kunifuata nacho nyuma, mimi napiga kelele, baba yake anajifanya haoni. Sikio lake la kushoto lilikuwa na pengo. Alichanwa na seng'enge alipokuwa mdogo akikimbiza ndama.

Ilikuwa msimu wa baridi, ule wakati ukungu unashuka msituni na kukaa barabarani. Gari la wafanyakazi lilikuwa likipanda asubuhi, dereva haoni hata bonde liko upande gani. Emanueli akasema ashuke atangulie mbele ya gari kwa miguu, dereva afuate mgongo wake. Wanafanya hivyo kule juu, si jambo geni. Akashuka na koti lake la njano. Dereva alieleza baadaye, na sikumsikia akibadilisha neno hata moja: aliuona mgongo, aliuona mgongo, kisha akauona ukungu. Akapiga honi. Akashuka akaita. Hakuna aliyejibu, na hakuna aliyesikia kitu kikianguka wala mnyama akikurupuka.

Askari wa hifadhi walitafuta, na watu wa Karatu tulipanda kusaidia, mume wangu pia. Hawakupata koti, hawakupata kiatu. Unajua mnyama huacha kitu. Bonde nalo huacha kitu. Hapa hakikubaki kitu chochote, na hilo ndilo lililowatesa wale wazazi.

Ndugu wakasubiri, mwishowe wakaanza kusema tumalize msiba, kijana aombewe, watu wapumzike. Wakaleta turubai. Mama Emanueli akasimama mlangoni kwake, mwanamke mfupi yule, akawazuia wanaume wote wale. "Mnazika nini?" akawauliza. "Nionyesheni. Mkinionyesha nitalia." Turubai likarudishwa kanisani. Mama yule hakulia, siku ile wala siku zilizofuata, na nawaambieni kilio kilichozuiwa kinatisha kuliko kilio.

Fundi alirudi kazini. Mnadani akaacha kwenda. Nikamwuliza, "Sasa nyuso unazitoa wapi, Fundi?" Akasema, "Zinakuja tu." Nikashukuru kwamba mikono yake inafanya kazi, nikaendelea kuuliza swali langu shimoni, naye akaendelea kujibu si wa mtu. Na kweli hakuna kinyago hata kimoja kilichofanana na mtu ninayemjua. Vilikuwa vikitoka vizuri mno. Wageni wakavigombea.

Nilichokiona nilikiona asubuhi moja ya mawingu. Nilifungua mlango wa stoo, ukungu ukaingia pamoja nami, na vile vinyago vimening'inia ukutani kwenye misumari vikisubiri moshi. Nikasimama. Hiki kina sikio lenye pengo. Kile kina nyusi zilizoungana. Cha pembeni kina ule mdomo unaotaka kucheka. Cha juu kidevu. Jicho langu likavikusanya lenyewe, sikulituma, na kwa muda Emanueli alikuwa ukutani ananitazama. Yesu wangu! Nilitoka kinyumenyume mpaka nikagonga pipa la maji.

Nikamwita Fundi. "Mwangalie," nikamwambia. Akaviangalia kimoja kimoja, akasema kwa sauti ndogo, "Si wa mtu, Mama Aika." Lakini alikuwa ameshika mlango kwa nguvu. Hakujua. Naapa hakujua. Alikuwa amefuata desturi yake ileile ya kuchukua kipande kwa huyu na kipande kwa yule, ila wote sasa walikuwa mtu mmoja. Na vingine vilikuwa vimekwisha ondoka, vimefungwa kwenye magazeti, vimepanda ndege.

Siku hiyohiyo Mama Emanueli alileta makande ya mumewe, kama kawaida yake. Sijui nani alimpeleka stoo, nadhani miguu yake tu. Aliweka chungu chini. Akaenda ukutani, akagusa nyusi, akagusa mdomo. Hakupiga kelele. Alitugeukia akasema, "Kumbe mnamuuza vipande vipande."

Jamani, mimi nimepata misiba yangu, lakini sijawahi kusikia neno zito hivyo. Fundi alikaa chini kwenye mabaki ya mbao. Mkewe akaendelea, "Sikio lake liko wapi?" Kile chenye sikio alikuwa amekinunua mgeni muda mfupi kabla, hata moshi hakijapata, akaondoka nacho. Nikamwambia limekwenda mbali, mama. Akatikisa kichwa. Akamwambia mumewe, "Mtoe mzima."

"Mzima hatolewi," Fundi akasema.

"Hatolewi kwa sababu ya shimo. Huyu haendi shimoni. Anakaa na mimi."

Fundi alimtoa kwenye gogo la jakaranda, akiwa ametugeuzia mgongo, wala hatukumkaribia. Alipomaliza alikifunika kwa gunia, akapanga tezo na patasi zake sandukuni, akaaga. Alirudi Endamarariek kulima maharage na mbaazi. Hakuchonga tena. Kwake yeye mtoto amekufa, na mkono wake umesema hivyo. Mkewe akabeba uso ule mgongoni kwa kanga, kama anavyobebwa mtoto, akauweka dirishani kwake, umeangalia msitu. Kwake mtoto yuko hai. Na wakaishi hivyo nyumba moja, huyu anakaa uani na yule ndani.

Nilidhani kazi yangu na uso ule imekwisha, kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Baridi iliyofuata Mama Emanueli alikuja karakana, akafungua kanga juu ya meza yangu. "Mama Aika, naomba umwongeze mwaka."

"Nimwongeze nini?"

"Mwaka umepita. Huko aliko amekua. Mimi nikizoea sura ile ya zamani, akirudi nitampita njiani."

Mngemjibu nini? Nikamwambia aniachie. Na hapo nikagundua sijui kazi niliyokuwa najisifia. Kukizeesha kinyago ni kuonyesha kimeguswa na watu. Kumzeesha mtu mwaka mmoja ni kitu kingine, ni kidogo mno, ukizidisha umemwua. Nikaanza kumchunguza mume wangu akila, mpaka akaniuliza kuna nini usoni kwake. Nikaona mwaka wa mwanamume unaanzia pembeni mwa mdomo. Nikapitisha msasa hapo kwa ncha ya kidole, chai nyepesi, nikafuta haraka. Mama Emanueli alipokuja aliuangalia uso muda mrefu, akasema, "Amechoka kidogo." Akaridhika, akaondoka naye.

Basi ikawa desturi. Kila baridi anakuja, ananiachia, namwongeza. Kidogo chini ya macho. Kidogo kwenye paji. Mwaka mmoja majivu ya nywele pembeni, yawe mvi, nikaona aibu kwa sababu na mimi zangu zilikuwa zimeanza. Alikuwa akimsoma mwanawe humo kama mtu anavyosoma barua. "Amekonda," alisema mwaka mmoja, na mimi sikuwa nimemkondesha. Mbao ikikauka husinyaa, nikajisemea. Mwaka mwingine alikuja ameukumbatia uso, umepasuka juu ya nyusi. "Ameumia," akasema, na macho yalimtoka. Nikaziba kwa nta na unga wa mbao, kazi ya kila siku. Alipomleta tena nta ilikuwa haipo na ufa umejifunga, umeacha kovu jembamba. Mbao hufunguka na kujifunga kwa unyevu, mnajua na mimi najua. Ila nimefanya kazi ile maisha yangu yote na sijaona nyingine iliyofunga hivyo.

Kuna kitu kingine sikumwambia mtu. Uso ule ukiwa kwenye rafu yangu, siku za ukungu, ulikuwa ukilowa. Vingine vyote vikavu, huo unatiririka matone kutoka kwenye paji mpaka kidevuni, kama mtu aliyetembea mbele ya gari. Nikaufuta kwa kitambaa. Baada ya muda umelowa tena. Nikawa naugeuzia ukutani, kisha naona vibaya, naugeuza tena.

Mwaka wangu wa mwisho kazini alikuja kama kawaida, sasa naye anatembea kwa fimbo. Nikachemsha chai, nikapaka. Asubuhi nikakuta kitambaa nilichoufungia cheusi na uso mweupe. Nikadhani chai hafifu. Nikachemsha nyingine, nikapaka na dawa ya viatu juu yake. Asubuhi, mweupe. Nikafikiri labda anaupaka mafuta nyumbani, maana mafuta hukataa rangi. Nikamwendea nikamwuliza. "Simpaki kitu," akasema. "Namfuta vumbi tu." Hata hivyo niliuosha kwa magadi, nikapiga msasa, nikautundika kwenye moshi katikati ya vinyago vingine. Vya kulia vikatoka vyeusi. Vya kushoto vyeusi. Huo ulikuwa vilevile.

Halafu nikaona jambo baya zaidi. Ile mistari ya pembeni mwa mdomo, niliyoiweka kwa kidole changu mwenyewe, haikuwepo. Majivu ya nywele hayakuwepo. Kila siku niliyoufanyia kazi ulizidi kuwa kijana. Kazi yangu yote ya miaka ilikuwa inabanduka kama taka, na mimi nimekaa naangalia.

Nitawaambia ukweli, nilifungua kopo la rangi ya mafuta. Rangi ile inashika hata kwenye chuma. Ningemchorea mistari, ningempa mvi, mama wa watu angeondoka na matumaini yake mwaka mwingine. Nilichovya burashi. Mkono ukagoma. Nikafunika kopo, nikasubiri aje.

Alipokuja hakukaa. "Ameshika?"

"Hajashika, mama."

"Umejaribu?"

"Kila kitu ninachokijua."

Akachukua uso ule, akausogeza mlangoni penye mwanga. Aliuangalia mpaka nikatamani aseme chochote, hata anitukane. Akapitisha kidole chini ya jicho. "Huu ni uso aliotoka nao asubuhi ile," akasema. "Alikuwa hajalala vizuri. Nilimwambia anywe uji, akasema gari linamsubiri. Ona, usingizi bado uko machoni." Kisha akakaa, taratibu, kwenye kigoda cha mumewe. "Mama Aika, huyu hajawahi kuongezeka. Ni sisi tulikuwa tunamwongeza."

Nilitaka kumshika mkono, nikaogopa atavunjika. Akasema nimwite baba yake Emanueli.

Fundi alikuja na jembe lake, akiwa na matope ya shamba miguuni. Ukungu siku ile ulikuwa umeshuka mpaka dukani, hata magari ya getini mlikuwa mnayasikia bila kuyaona. Wengine wenu mlikuwepo, mlidhani wazee wanafukia kazi ya kawaida. Tulichimba kona ya mbali, karibu na ule mjakaranda. Mama Emanueli akamlaza mwenyewe, chali, akamfunika kanga mpaka kidevuni.

Kuuliza ilikuwa kazi yangu. Nimeuliza swali lile mara nyingi kuliko nilivyosali. "Wa nani huyu?"

Fundi alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Mkono wangu ukanyanyuka wenyewe kumtoa, kwa mazoea. Mkewe akanizuia. "Mwache ajibu."

"Wa mtu," Fundi akasema.

"Mtaje," akasema mama.

"Wa Emanueli. Mwanangu."

Hapo ndipo Mama Emanueli alipolia. Alilia kilio cha miaka yote ile kwa mpigo mmoja, magari yakasimama barabarani, watu wakatokea kwenye ukungu wakiuliza msiba uko wapi. Msiba ukawa na mahali pa kuwa. Jioni ile turubai likafungwa kwao, ndugu wakaja, pombe na chai vikapikwa, Fundi akaingia kulala ndani kwa mkewe. Shimo tulikuwa tumelifukia kwa mikono, na juu nikaweka jiwe jeupe. Lile jiwe mnalokalia mkila chakula cha mchana, sogeeni.

Wakati wa kuondoka pale shimoni, Mama Emanueli alinivuta pembeni. Alikuwa ametulia, uso umevimba. "Na lile sikio?" akaniuliza. Nikamwambia mama, liko nchi za watu, halitapatikana. Akafikiri. "Mimi huwa namwita asubuhi. Sasa atanisikiaje aitikie, na sikio lake liko huko?" Nikapangusa udongo mikononi. Akasema, "Likirudi uniambie, hata kama umestaafu."

Mgeni wenu wa juzi amerudisha kinyago chenye pengo kwenye sikio la kushoto. Mwenzenu alipokuwa akinywa chai yangu aliniambia pia kilichomfanya mgeni yule akirudishe, akacheka, akasema Wazungu nao wana vituko: eti kila asubuhi kinageuka kwenye msumari wake, kinaelekeza sikio dirishani.

Kitoeni. Leo, si kesho. Msikipake kitu, msikipige msasa, mkioshe kwa maji tu na kukiweka mahali pakavu. Nimekwisha mtuma mjukuu kwa Mama Emanueli. Tunakuja naye asubuhi, pamoja na Fundi, na swali nitauliza mimi.